Umetafuta Wapi?

Nyumbani walimwita Chapuchapu tangu utotoni, kwa kuwa hakuna alichokifanya taratibu, hata kula. Ukubwani akawa fundi wa programu za kompyuta, na jina likamkaa kama nguo ya kupimwa. Kwa hiyo mjomba wake, mwenye duka la spea, alipompigia simu kulalamika kwamba programu aliyomtengenezea inajikokota kama konokono, Chapuchapu alihisi ametukanwa.

Kazi ya programu ilikuwa nyepesi kueleza. Muuzaji anaandika jina la spea, kompyuta inapekua, kisha inasema kama ipo na iko rafu gani. Inapopekua, kiduara kidogo kinazunguka kwenye skrini, na muuzaji na mteja wanabaki kutazamana kama majogoo. Chapuchapu akajifungia nayo. Alipoirudisha, ilijibu kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe.

"Hiyo ndiyo mashine sasa!" Mjomba akasema.

Haukupita muda, simu ikalia tena. "Mwanangu, njoo. Wateja wananikimbia."

"Imekwama?"

"Ingekwama ningejua la kusema. Inajibu. Wewe njoo tu."

Akaenda, akaketi kwenye kigoda pembeni ya kaunta, chini ya mikanda ya injini iliyoning'inia. Akaingia fundi wa pampu za maji, mama mmoja mwenye ovaroli lililolowa grisi, ameshika kipande cha mpira wa duara kilicholika.

"Nipatie mpira wa pampu kama huu."

Muuzaji akaandika. "Haupo, mama."

"Haupo vipi, na hujatafuta?"

"Nimetafuta."

"Umetafuta wapi? Hata macho hujainua!" Akasonya, akatoka.

Muuzaji akamgeukia Chapuchapu. "Umeona, dada? Zamani mvivu ilikuwa mashine. Siku hizi mvivu ni mimi."

Chapuchapu hakukasirika. Aliwashwa na hamu ya kujua. Alishinda pale akisoma nyuso, akagundua jambo: jibu la "ipo" hakuna aliyelihoji, hata lingetoka kama risasi. "Haipo" ndiyo iliyowachoma. Akamfuata mzee mmoja aliyekosa beringi, akamuuliza kwa heshima kilichomuudhi.

"Mwanangu," mzee akasema, "nikikuomba kitu ukanijibu hakuna kabla sijafunga mdomo, si umenifukuza?"

Mjomba naye alikuwa na dawa yake. "Rudisha kile kiduara. Kizunguke tu, hata kama hakifanyi kitu."

"Huko ni kudanganya watu, Mjomba."

"Ni adabu hiyo."

Neno hilo lilimkaa kichwani njia nzima. Adabu aliikubali, uongo ulimkwama kooni. Mwishowe akapata njia. Hadi hapo kompyuta ilikuwa ikipekua orodha ya jana ya vitu vya duka hili peke yake. Akaifundisha kupekua rafu baada ya rafu, kisha ilipigie hodi duka la pili la Mjomba, kule ng'ambo ya mji, na kungoja jibu. Kila hatua ikaonekana kwenye skrini, na skrini akaigeuza imtazame mteja.

Yule mama wa pampu aliporudi, maana pampu haingojei hasira, alikuta maandishi yanajitokeza mbele yake. Akasoma midomo ikicheza: "Natazama rafu ya mipira ya magari..." Akaguna. "Ya magari? Hapo mtakesha! Sisi huu tunauita sili."

Muuzaji akaandika sili. Rafu za mbele, hakuna. Ghala la nyuma, hakuna. Mama akaegemea kaunta, shingo mbele. Duka la pili: ipo.

"Ala! Sasa huko ndiko kutafuta," akasema, akacheka.

Mjomba akatoka nyuma ya rafu kifua mbele. "Ungeipa kasi hii tangu mwanzo, tungegombana?"

"Mjomba, hii ndiyo ya polepole kuliko zote."

"Toka hapa!"

Programu ya kwanza, ile ya kiduara, Chapuchapu bado alikuwa nayo kwenye kompyuta yake ya mkononi. Akaziweka mbili sambamba, muuzaji akaandika neno moja kotekote, na Chapuchapu akashika saa ya simu. Ya kiduara ilimaliza kwanza, tena kwa mbali. Mjomba akatazama, akatikisa kichwa.

"Saa yako mbovu."

Wakacheka wote, lakini Chapuchapu kicheko kilimkatikia njiani. Maana hata yeye, aliyeandika kila mstari, ilipokuwa inazunguka ya kiduara alijikuta anagonga meza kwa vidole. Ya pili ilipokuwa inatembea rafu kwa rafu, vidole vilitulia. Alijua ukweli, na ukweli haukumsaidia kitu.

Akasogeza kigoda karibu na skrini.

"Hebu andika tena," akamwambia muuzaji. "Andika kitu ambacho hatuna kabisa, nione kama 'haipo' itanichoma na mimi."