Mbwa wa Mchumba

Tobias wa Tura hakutaka kumjua mtu aliyemposa binti yake. Alitaka kumwona mbwa wake. Kila mshenga aliyepiga hodi alipewa jibu lile lile: nendeni, mleteni kwanza mbwa wa huyo kijana nimtazame mkia. Alidai kwamba babu yake, aliyeongoza misafara ya pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, alikuwa hamchukui mpagazi kabla ya kumkagua mbwa wake, na kwamba elimu hiyo ilimshukia yeye peke yake katika ukoo mzima. Mkia ukisimama, mwenye mbwa ni mwanamume. Ukilala, ni mwoga, na mwoga haoi kwake.

Mkewe Pelagia aliyasikia hayo huku akipepeta mtama, na alimwona mumewe mpumbavu mwenye sauti kubwa. Babu mwenyewe alikuwa mbeba sufuria, tena wa mwisho katika msafara. Hata lile koti la jeshi alilojivunia Tobias lilinunuliwa kwa muuza mitumba wa Gongoni. Vita alivisikia kwa watu tu.

Kwa upuuzi huo vijana waliomtaka Josepha walikwisha kuoa kwingine. Sasa alibaki Anselm, fundi wa reli pale stesheni, na Josepha alimwambia mama yake wazi kwamba huyu naye akikataliwa, yeye atapanda treni na hawatamwona tena. Pelagia alimjua binti yake. Hakuwa mtu wa kutishia bure.

Mshenga, mzee Hilari, alifika asubuhi akimvuta mbwa kwa kamba, ana aibu ya mtu mzima aliyetumwa mambo ya kitoto. Mbwa aliitwa Tutaona. Aliingia uani mkia umelegea, unayumba mpaka kiuno kinayumba nao, akamnusa Josepha, akamlamba Pelagia mkono. Huyu aliyemlea si mtu wa mateke, Pelagia akawaza, na moyo wake ukatulia.

Tobias akatoka ndani na koti lake, akakohoa, akagonga fimbo chini. Mkia wa Tutaona ukashuka, ukajibana katikati ya miguu, ncha yake ikawa inatikisika haraka haraka.

"Umeona, mzee Hilari?" Tobias akacheka. "Ananichekea huku anatetemeka. Mwambie kijana wako akaoe kuku."

Hilari akaanza kukunja kamba. Josepha akaingia ndani, na Pelagia akasikia sanduku la nguo likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

"Baba Josepha," akasema, "na wako je? Mwite Hodari, mgeni aone mkia wa kiume."

Tobias alipenda sana kuombwa. Akapiga mluzi. Hodari, aliyekuwa amelala nyuma ya jiko, akaja akitambaa, tumbo linaburuza vumbi, mkia umejibana na ncha inatikisika vile vile. Alipoikaribia fimbo alijilaza chali, akajikojolea.

Hilari akatazama juu kana kwamba anatafuta mvua. Ilikuwa kiangazi.

"Leo anaumwa," Tobias akasema.

"Haumwi," Pelagia akajibu. "Ukienda porini kwenye mizinga yako ya nyuki, mkia wake unasimama kutwa. Ukirudi unashuka. Hata huyu wa mgeni aliingia hapa vizuri, wewe ndiye uliyemshusha. Mbwa hawa hawakuambii habari za wenyewe. Wanakuambia habari zako."

Tobias akainua fimbo. Miaka yote ya ndoa yao, fimbo hiyo ikipanda, Pelagia alikuwa akitabasamu upesi na kusema maneno laini. Alilijua tabasamu hilo, akalidharau kuliko alivyomdharau mumewe. Safari hii aliuacha uso wake ulivyo, akamgeukia mshenga.

"Mwambie Anselm alete posa, mzee Hilari. Nimekubali mimi niliyemzaa."

Ndani, sanduku likaacha kuburutwa. Tobias alingoja mkewe atabasamu. Akaendelea kungoja, fimbo iko juu, mbele ya mgeni, mpaka mkono ukaanza kumtetemeka.