Ubao wa Mistari Mitano

Sikuona kwamba mdogo wangu aliusoma ule ubao mara tatu. Nilichokiona ni kwamba alikuwa akisoma, na kwa kuwa maneno yaliyoandikwa pale yalikuwa yangu, nilifurahi. Nilisimama pembeni nikimtazama kama fundi cherehani anavyomtazama mteja aliyejaribu nguo mpya mbele ya kioo. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake asome mistari mitano mara tatu.

Ninafundisha uandishi katika chuo kikuu. Kwa miaka kadhaa mashirika yamekuwa yakiniita kuwanyooshea lugha: fomu za kulazwa hospitalini, maelezo ya chupa za dawa, mabango ya lifti. Bustani ya michezo ilipojenga jumba la chombo kipya, waliniletea karatasi ya tahadhari iliyokuja na mitambo yenyewe. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja, mizito na yenye kujirudia, iliyotafsiriwa na mtu ambaye bila shaka alilipwa kwa saa. Chombo chenyewe kilikuwa hivi: vyumba vidogo vya chuma vya watu wanne wanne, kila kimoja kwenye ncha ya mkono mrefu, na mikono yote ikizungushwa kwa dakika nne, kwa kasi, mpaka abiria anahisi kifua kimekandamizwa, huku skrini iliyo mbele yake ikimwonyesha kwamba anarushwa angani hadi mwezini. Walikiita Kimondo. Huko kuliingiwa kwa mlango mwekundu. Kwa wasiopenda kuzungushwa, kulikuwa na mlango wa bluu na vyumba vilivyotulia, filamu ile ile bila kishindo.

Niliifanya mistari kumi na mmoja ikawa mitano. Moyo na shinikizo la damu, mgongo na shingo, mimba, upasuaji wa karibuni, kifafa. Mstari wa saba wa karatasi ya zamani ulimkataza mtu ambaye katika siku za karibuni amepata kizunguzungu, maumivu ya kichwa asiyoyazoea, au giza la ghafla machoni. Huo niliufuta kikaoni, mbele ya meneja na watu wake. Nilisema kumkataza mtu kizunguzungu kwenye mlango wa mashine ya kizunguzungu ni kama kumkataza mtu asilowe kwenye mlango wa bwawa la kuogelea. Walicheka sana. Na mimi nilicheka.

Mdogo wangu alikuwa mwendesha kreni, zile ndefu zinazosimama juu ya majengo yanayojengwa. Wenzake walimwita Twiga, kwa kuwa alishinda kutwa juu ya shingo, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mfupi, jambo lililowafurahisha zaidi. Kila asubuhi, kabla hajagusa ngazi, alitoa mfukoni kadi iliyofunikwa kwa plastiki na kuisoma kwa sauti, kidole kikishuka kutoka jambo moja hadi jingine: upepo, kamba, breki, ndoano, redio. Mambo kumi na manne. Nilimtembelea kazini siku moja nikamkuta akifanya hivyo peke yake, kama mtu anayesali. Nilimuuliza kama bado hajaikariri. "Nimeikariri zamani, Dada," alisema. "Lakini mimi nafuata karatasi. Karatasi ikisema panda, napanda. Ikisema kaa chini, nakaa, hata bosi apige kelele mpaka akauke koo."

Kuna jambo nililolijua baadaye, nami naliweka hapa ili msomaji asiwe kipofu kama nilivyokuwa mimi. Kwa wiki tatu mdogo wangu alikuwa akipata kizunguzungu. Kilimjia akigeuza kichwa, akiinuka kitandani, na mara mbili kilimjia akiwa juu, mita themanini kutoka ardhini, akiwa na mzigo wa nondo kwenye ndoano. Hakumwambia mtu. Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya uchunguzi wa afya wa kila mwaka, na mwendesha kreni anayekiri kizunguzungu hushushwa siku hiyo hiyo, hapandi tena. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Tulikwenda bustanini Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, umri unaoruhusiwa kwenye mlango mwekundu, na kwa wiki nzima hakuwa na wimbo mwingine. Foleni ilijikunja mara nne ndani ya ukumbi wenye baridi ya mashine. Mhudumu wa mlangoni, kijana mwenye kipaza sauti na maneno mengi, alikuwa akiwagawa watu.

"Bluu ni wazee, wagonjwa na waliochoka na maisha! Nyekundu ni wenye roho ngumu! Tusipoteze muda jamani, mwezi hautusubiri!"

"Mjomba, sisi nyekundu, eeh?" binti yangu alisema.

"Tutaona."

"Tutaona nini? Unaogopa!"

"Mimi? Mimi nakunywa chai juu ya mawingu, mtoto wewe. Ndege wananipisha."

"Sasa mbona umeshika ukuta?"

"Nimeushika usianguke. Huoni umechoka?"

Tulicheka wote watatu. Watu waliokuwa mbele yetu wakageuka, nao wakacheka. Mkono wake ulibaki ukutani.

Ubao ulikuwa pale foleni inapogawanyika, herufi nyeupe juu ya wekundu. Mdogo wangu aliusoma, akasogea hatua mbili, akarudi akausoma tena. Kidole chake kilikuwa kikishuka hewani, mstari kwa mstari.

"Dada, huu ndio ule wako?"

"Ndio wenyewe. Unasemaje?"

"Unasomeka." Akarudisha kidole mstari wa kwanza. "Hapa umeandika yote?"

"Yote ya nini?"

"Ya mtu asiyetakiwa kupanda. Yote yako hapa?"

"Yaliyobaki hapo ndiyo ya maana. Mengine yalikuwa makapi, nimewapepetea."

"Makapi," alirudia, taratibu. "Kwa hiyo mtu ambaye hakutajwa hapa, anapanda."

"Anapanda. Na akitaka sababu ya kutopanda, aitafute kwingine, asinisingizie mimi."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, nikijaribu kuyapa sauti ya upole ambayo hayakuwa nayo.

Akausoma mara ya tatu. Kisha, badala ya kumfuata binti yangu aliyekwisha kuvuka upande mwekundu, alipiga hatua moja kuelekea bluu. Hatua moja tu. Mguu wa pili haukufuata.

"Mzee, huko ni kwa akina bibi!" mhudumu alimpigia kelele kwa kipaza sauti. "Utafika mwezini umelala!"

"Mjomba!" binti yangu aliita. "Mimi siingii peke yangu!"

Na mimi, mtu niliyelipwa kupima uzito wa maneno, nilisema: "Twiga anaogopa kimo? Ngoja niwapigie wenzako simu, Jumatatu wakupokee na kitanda."

Alinitazama. Nilidhani ananitafutia jibu la kunikomesha, maana hatukuwa watu wa kuachiana. Lakini alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekubaliana na jambo aliloliwaza muda mrefu: "Sawa. Dakika nne. Nikitoka humo nimesimama wima, basi Jumatatu sina wasiwasi."

Nilidhani anazungumzia kazi tu, jinsi watu wanavyoitaja Jumatatu.

Akanipa simu na funguo zake. Mimi sikuwa nikipanda: mgongo wangu una historia yake, na mgongo ulikuwa kwenye mstari wa pili. Nilikaa kwenye benchi la chuma na mikoba ya watu watatu mapajani. Mikono mirefu ikaanza kuzunguka nyuma ya kioo kizito, kwanza polepole, kisha kwa kasi ambayo jicho halikuweza kutofautisha chumba kimoja na kingine. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya mfululizo. Ningeweza kusema kwamba nilikuwa na hofu, au kwamba moyo ulinigonga. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nikiutazama ubao wangu, nikiwaza kwamba mstari wa nne ungeweza kufupishwa tena kidogo.

Milango ikafunguka. Binti yangu alitoka akipepesuka, akicheka na kunishika bega ili asianguke. Wote walitoka wakipepesuka. Mwanamume mmoja alikumbatia nguzo, msichana mmoja aliketi chini huku rafiki zake wakimpiga picha. Mdogo wangu alitoka wa mwisho, akapepesuka kama wengine, akapiga hatua tatu, akaketi sakafuni kama wengine. Hata leo jambo hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote: mahali pale, mtu aliyekuwa karibu kufa na watu waliokuwa wakifurahi walitembea mwendo mmoja.

"Mzee amefika mwezini, bado hajarudi!" kipaza sauti kilitangaza. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Binti yangu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Mama," alisema, "mdomo wa Mjomba."

Alikuwa akijaribu kusema kitu. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa ukifanya kazi hiyo peke yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala sakafuni, kiganja juu, kama kitu alichokiweka chini kwa muda. Nilipiga magoti nikamwambia ainuke, aache mzaha.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza bila haraka. Damu, alisema, imevujia ndani ya kichwa. Yawezekana mshipa ulianza kuonyesha udhaifu siku nyingi kabla, na kule kuzungushwa kukaumalizia. Alikuwa na fomu mkononi. Niliitambua. Nilikuwa nimeihariri mimi.

"Siku za karibuni alilalamika kizunguzungu? Kichwa kumuuma? Kuona giza?"

"Hapana," nilisema. Nilisema kwa uhakika, kama ninavyosema darasani. "Tunaonana kila wiki. Angeniambia."

"Ndiyo," binti yangu alisema.

Daktari akamgeukia. "Ndiyo nini, mwanangu?"

"Alikuwa na kizunguzungu. Alikuwa anashika ukuta. Kwetu pia anashika, akitoka chooni anashika. Na kwenye ngazi anahesabu." Akanitazama, kwa mshangao zaidi kuliko lawama. "Mama, si nilisema? Ukacheka."

Daktari aliandika. Hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Sauti ilimrudia baada ya wiki sita, nzito na yenye kuvuta, na siku chache baadaye maneno yakaanza kujipanga. Alinieleza habari za zile wiki tatu, za nondo zilizokuwa zikining'inia, za Jumatatu. Alieleza kwa mpangilio, jambo moja baada ya jingine, huku akipumzika katikati. Nilikuwa nikimkata kucha pale wodini.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Sikuwa mjinga. Nilipofika kwenye ubao wako nikasema, basi, hapa nitaambiwa. Nikikuta jambo langu, naenda bluu, na Jumatatu namwambia daktari ukweli. Nilijitafuta pale, Dada. Sikujiona."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua habari za mstari wa saba isipokuwa meneja na watu wake, na wao walikuwa na sababu zao za kunyamaza. Niliweka mkasi chini nikamwambia. Nilimweleza kikao, na mfano wa bwawa la kuogelea, na kicheko.

Nje ya dirisha mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Ulikuwa unasemaje?" hatimaye aliuliza. "Huo mstari. Useme kama ulivyokuwa."

Nilikuwa naukumbuka wote, pamoja na uzito wake na marudio yake. Nikausema.

"Wa ngapi?"

"Wa saba."

Akainua mkono wake wa kulia, akaweka kidole juu ya shuka, na kukishusha kidogo kidogo, kana kwamba kadi yake ilikuwa pale. Alihesabu bila sauti. Alipofika wa saba kidole kilisimama.

"Huo ndio mimi," alisema.

Alifumba macho, na baada ya muda nikaendelea na kucha za mkono wa kushoto, ambao hakuuhisi.

Niliwaandikia bustani barua, na nakala nikaipeleka kwa wale wanaokagua mitambo. Ubao wa mlango mwekundu sasa una mistari kumi na mmoja, kwa lugha ile ile nzito ya karatasi iliyokuja na mitambo. Kreni ya mdogo wangu anaiendesha mtu mwingine. Yeye anaishi kwangu, katika chumba cha mbele, nami humfunga vifungo vya shati kila asubuhi kabla sijaenda kufundisha. Sipunguzi tena maneno ya tahadhari ya mtu yeyote.