Gari Linalala Wapi

Harufu ilianza tena walipokuwa wanaupanda mlima wa pili baada ya kuishika lami, na Venance akajua siku imeharibika. Ilikuwa ile ile ya wiki tatu mfululizo, harufu ya kitu kinachoungua polepole, na gari likawa zito utadhani limefungiwa gogo nyuma. Alikanyaga mafuta. Gari likaguna tu.

"Linanuka," alisema baba yake.

"Nasikia, Baba."

Mzee Gaspari alikaa kiti cha mbele na suti yake ya kahawia, rozari mkononi, kofia magotini. Saa nane mchana, katika kanisa moja la Biharamulo, binti yake Adventina angeweka nadhiri za milele za utawa, na mzee ndiye wa kumshika mkono na kumwingiza kanisani. Mama alikwishatangulia jana na basi la kwaya. Mzee alilikataa basi. Alisema ataenda na gari la mwanawe mwalimu, kwani kuna faida gani kuwa na mtoto mwenye gari? Sasa saa nne imepita, na gari lenyewe ndilo hilo.

Walifika Nyakahura wakijikokota. Venance akashuka, akatemea mate rimu ya gurudumu la nyuma kushoto. Mate yakachemka, yakapotea. Angelipiga teke gurudumu lile kama asingekuwa amevaa viatu vipya.

Wiki tatu! Fundi wa kwanza alibadilisha viatu vya breki. Wa pili akasema silinda ndogo ya gurudumu imekufa, akaweka mpya. Wa tatu akachonga dramu, akamwambia mwalimu aondoe wasiwasi. Kila mmoja alimcheka aliyemtangulia, na kila mara harufu ilirudi kabla ya Jumapili.

Fundi wa Nyakahura aliitwa Pancras, mtu mrefu asiye na haraka, na kukosa haraka kwake kulimkera Venance kuliko hata harufu. Alianza kwa kumsalimia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akauliza habari za safari, za mvua, za migomba. Akamtafutia mzee benchi kivulini. Ndipo akapiga jeki.

Alijaribu kulizungusha gurudumu kwa mikono miwili. Halikwenda. Akalegeza kijinati cha kutolea hewa ya breki, mafuta yakatiririka, akajaribu tena. Bado limebana.

"Vizuri," alisema.

"Vizuri nini?" Venance alifoka. "Si limeganda!"

"Lingeachia, ningesema mafuta yanakwama njiani, labda mpira unaoyapitisha umevimba ndani. Halikuachia. Basi kinachobana si mafuta, mwalimu, ni waya wa handibreki." Akajifuta mikono. "Gari hili linalala wapi?"

"Nyumbani, Bukiriro, mlimani. Swali gani hilo?"

"Na handibreki unaivuta?"

"Siigusi kabisa! Naweka gia, naweka jiwe."

Pancras akaingia uvunguni, akagongagonga, akatoka na kutu kwenye vidole. "Waya huu unavutwa, mwalimu. Kwa nguvu, tena kila siku. Umande umeingia kwenye ganda lake, kutu imeushika. Mkono unashuka, waya haurudi. Anayevuta simjui, ila ana mkono wa dereva wa lori."

Kwenye benchi, punje za rozari ziliacha kugongana.

"Ni mimi," alisema Mzee Gaspari.

Venance aligeuka. Mzee alikuwa anaitazama kofia yake.

"Ukishalala natoka, naivuta. Alfajiri nikiamka kusali naishusha, usije ukaona. Tangu ulilete."

"Kwa nini, Baba? Wiki tatu nahangaika na mafundi kama mwendawazimu, nawe umekaa kimya!" Sauti ilimpanda mpaka wauza ndizi ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Ungesema nakufundisha gari lako." Mzee aliigeuza kofia. "Kule Rusumo niliegesha lori kwenye mteremko, nikaweka jiwe. Jiwe likateleza. Utingo wangu, Hakizimana, alikuwa amekaa chini nyuma yake, anakula hindi. Nyuma ya gari lako wanacheza wanao."

Hasira ilikuwa bado imemjaa Venance, ila sasa hakujua aipeleke wapi. Akaenda kusimama kando ya barabara mpaka Pancras alipoufungua waya, akaufunga pembeni kwa kamba, akatoa hewa kwenye breki, na gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

"Handibreki huna mpaka upate waya mpya," alisema Pancras. "Lakini mtafika."

Walifika saa nane kasoro dakika tano. Tambarare yote ilijaa mabasi. Ilibaki nafasi moja tu, kwenye mwinuko wa kuelekea mlango wa kanisa, na chini yake, nyuma kabisa ya gari, watoto wenye magauni meupe walikuwa wakipangwa na vikapu vya maua. Venance akaweka gia, akaruka, akakandamiza jiwe. Mlangoni Adventina alikuwa amesimama peke yake, anatazama huku na huku.

Mzee hakushuka.

"Baba, wanakusubiri!"

Mzee alikuwa anawatazama watoto kwenye kioo. "Jiwe," alisema, basi.

Makelele ya wiki tatu yalimfika Venance kooni. Aliyameza. Akarudi kwenye usukani, akakanyaga breki mpaka mwisho.

"Shuka, Baba. Mguu wangu uko hapa. Siutoi."

"Mpaka misa iishe?"

"Mpaka misa iishe."

Mzee aliutazama ule mguu, kile kiatu kipya juu ya pedeli, kisha akachukua kofia yake akashuka. Kupitia kioo cha mbele Venance alimwona anamshika Adventina mkono, wakaingia. Alisikia kinanda, akasikia vigelegele, lakini sauti ya dada yake akiapa haikufika nje. Wakati wa mahubiri goti lilianza kutetemeka. Watoto wote walikwishaingia kanisani, nyuma ya gari hapakuwa na mtu. Hakuutoa mguu.