Masalia ya Mtumbwi

Kopo liliwekwa mlangoni mwa chumba cha mtoto, na juu yake brashi iliyokauka ikawa ngumu kama mfupa. Debora alilifungua kwa ncha ya kisu. Rangi ya kijivu ilikuwa imeota ngozi, na juu ya ngozi ile walikuwa wamenasa wadudu wa ziwani, wamekufa zamani. Ilikuwa rangi iliyobaki mwaka jana baada ya kupaka mtumbwi wa mumewe, tena sehemu ya chini, isiyoonwa na yeyote ila samaki. Hiyo ndiyo aliyochaguliwa mwanawe ambaye hajazaliwa.

Tangu mwanzo haikuwa hivyo. Mwezi uliopita walisimama pamoja katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Musoma, vichwa vimekaribiana juu ya kadi ya rangi, na mumewe, Wenceslaus, akawa mteuzi kuliko bibi harusi. Buluu aliiona baridi, manjano ikamchoma macho. Alimsumbua mwenye duka mpaka akatolewa kadi ya pili. Mwishowe akakita kidole kwenye kijani cha mpunga mchanga, akasema mwanawe hatalala katikati ya kuta kama za ghala. Jina alikwisha kulitenga: Mafuru, la marehemu baba yake, lile lile lililoandikwa ubavuni mwa mtumbwi. Rangi wangeinunua siku ya kurudi kliniki.

Siku hiyo ilipofika, kipimo kilionyesha mtoto wa kike. Wenceslaus hakusema neno baya. Heri angelisema, likajibiwa. Walipofika dukani hakuomba kadi. Alinunua ndoo ya manjano kwa ajili ya mtumbwi, maana mbalamwezi, ambayo dagaa hawavuliwi, ilikuwa imeingia na mitumbwi yote ya dagaa imevutwa nchi kavu kukarabatiwa. Debora alipouliza habari za chumba, aliambiwa kuna kopo limebaki nyumbani, litatosha. Mtoto wa kike ni mpita njia, kesho yuko kwa watu. Na jina? Majina yapo mengi, alijibu, yatapatikana.

Debora aliyameza hayo kama alivyofundwa kumeza. Yeye naye alikuwa mpita njia wa baba yake kule Butiama. Ng'ombe wa mahari yake ndio waliomwolea kaka yake mke. Nyumba ile imesimama juu ya mgongo wake, na bado akienda kwao hutandikiwa mkeka wa mgeni. Sasa, akiwatazama wadudu wale ndani ya kopo, aliona kwamba mwanawe ameanza kufanywa mgeni kabla hata ya kufika. Hasira ilimpanda. Akajifunga kanga, akashika njia ya mwaloni, ufukweni inakovutwa mitumbwi.

Mwiko wa mwalo wa Bukima anaujua kila mtu: mja mzito hausogelei mtumbwi unaokarabatiwa, usije ukarudi mtupu msimu mzima. Baltazari, fundi wa mitumbwi, ndiye aliyemwona kwanza. Aliweka brashi chini, akarudi nyuma, na vibarua nao wakarudi nyuma, utadhani amebeba kaa la moto.

"Debora, ishia hapo hapo," Wenceslaus alisema. "Si unaujua mwiko."

"Naujua, Wenceslaus."

Watu wakatazamana. Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina mbele ya macho ya watu.

"Mtumbwi huu unaupakaga rangi mpya kila mwaka," alisema. "Huyu hajafika, umeshamwekea makombo. Sikuja kuugusa mtumbwi wako. Nimefuata rangi."

"Hiyo ni rangi ya kazi."

"Na huyu ni kazi ya nani?"

Kumzuia kulitaka mtu amsogelee, na wanaume wote pale walikuwa wakiuhofia msimu wao. Akaibeba ndoo, ubavu mmoja wa mtumbwi ukiwa umepakwa na wa pili bado, akapanda nayo hadi nyumbani.

Alifungua madirisha, akajifunga kitambaa puani, akapaka. Manjano hakuitaka, na kweli ilichoma macho. Akaipaka hivyo hivyo, michirizi ikishuka ukutani naye akilia kwa ghadhabu. Wenceslaus aliporudi alisimama mlangoni, akatazama kuta, kisha akaenda zake kula. Kuanzia hapo waliishi kama wapangaji wawili.

Giza la mwezi lilirudi na mitumbwi ikashushwa majini. Jioni ile Matrida, jirani anayeanika dagaa mwaloni, alipita kukiona chumba. Akasimulia kwamba mtumbwi wa Wenceslaus umeondoka ubavu mmoja manjano na wa pili mbao tupu, na wenzake wamemcheka, wakamuuliza rangi imekwenda wapi.

"Akasemaje?"

"Akasema ni ya Nyamburi."

Debora aliacha kukunja nepi. Nyamburi alikuwa bibi yake Wenceslaus, aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Kaka zake Wenceslaus walikuwa wameliomba jina hilo kwa ajili ya mabinti zao, kila mmoja kwa wakati wake, naye akawakatalia wote. Kitu kililegea kifuani mwa Debora, naye akakasirika kwamba kimelegea upesi hivyo.

"Kwa hiyo mwanangu ana jina," alisema. "Wavuvi wanalijua, waanika dagaa wanalijua. Mimi mama yake naletewa kama umbea."

Matrida alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Debora alivuta kigoda mpaka katikati ya chumba, akakaa akiuelekea mlango.

"Kesho akirudi asianze kuniulizia chai," alisema. "Apitilize mpaka humu ndani, alitaje jina hilo mimi nikisikia."