Utosi wa Kundai

Buhera yote hakuna aliyejua kuinua utosi wa mtoto kumshinda Ambuya Matirasa, na aliyekuwa akitangaza hivyo ni Ambuya Matirasa mwenyewe. Mtoto akiharisha mpaka utosi ukabonyea kama kibakuli, wengine waliona kuharisha. Yeye aliona utosi. Alimpaka kichwani majani yaliyopondwa pamoja na masizi ya chungu, kisha akakataza maji. "Mtungi uliotoboka haujazwi," alisema. Waliopona walimletea kuku. Wasiopona walikuwa wamecheleweshwa na mama zao.

Sasa zamu ilikuwa ya Kundai, mjukuu wake wa miezi minane. Alitapika Jumatatu, Jumanne akaharisha maji matupu. Mama yake, Chenesai, alichukua ndoo akakimbilia kisimani, alikojua atamkuta Mai Shuvai, mshauri wa afya wa kijiji.

"Akilia anatokwa na machozi?" aliuliza Mai Shuvai.

"Hata moja."

"Mtoto amekauka huyo. Ni rota, kirusi cha kuharisha. Yale matone ya chanjo ya zahanati alipewa?"

"Mama mkwe alisema mjukuu wake si kifaranga hata anyweshwe matone. Na sasa kakataza maji."

"Kwani anayeharisha ni mama mkwe?" Mai Shuvai aliinua kidole. "Chupa ya sharubati ijae maji yaliyochemka. Sukari vijiko sita vya chai, visizidi ukingo. Chumvi nusu kijiko. Mpe kidogo kidogo, na ziwa usimnyime. Jua likizama hajakojoa, mtie kwenye mkokoteni umpeleke zahanati, hata kama mama mkwe atalala mbele ya punda."

Dawa ya Ambuya ilikuwa na mwiko wake: mama na mtoto hufungiwa ndani mpaka jua liondoke uani, kivuli cha mwanamume kisije kikaiharibu. Mama wengine walinung'unika. Chenesai alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima.

"Mama, utosi huu umezama mno. Tufungie mpaka jua lizame kabisa."

"Leo mkwe wangu kapata akili," alisema Ambuya, akaweka kigoda nje ya mlango akalinda.

Chupa, iliyokwisha kuchanganywa jikoni, ilikuwa imeingia nao ndani, imefichwa katika nguo za mtoto. Kijiko kimoja. Kundai alikitapika. Chenesai alingoja kidogo, akampa kingine. Kijiko kikagonga chupa.

"Nini hicho kinagonga?"

"Meno yangu, Mama. Julai hii baridi imezidi."

"Na usimpe maji."

"Nitampaje, na wewe umekaa mlangoni?"

Mwanga chini ya mlango ulikuwa uzi, kisha nusu uzi. Chenesai aliutazama kama anayesubiri hukumu. Alikuwa keshapanga maneno ya kuombea punda pale mapaja yake yalipolowa maji ya moto. Hakuwahi kukojolewa akafurahi hivyo. Kisha Kundai akalia, na machozi yakamtoka mawili, kila jicho na lake.

Ambuya alifungua, akapapasa kichwa. Kisha alizunguka kaya tatu akitangaza kwamba utosi umeinuka.

Asubuhi jirani akaja na binti yake mgongoni, macho yamemzama, kichwa kinalegea. Akifungiwa huyu bila maji, aliwaza Chenesai, atatoka amefunikwa sanda. Alipiga magoti afungue mdomo, liwalo na liwe.

Ambuya alimtangulia. Alitoa ndani ya shuka yake ile chupa aliyoificha Chenesai, sasa tupu, akamkabidhi jirani. "Dawa yangu haiendi bila hii. Ijaze maji yaliyochemka."

"Si ulisema mtungi uliotoboka haujazwi?"

"Huzibwa huku ukijazwa. Wewe unajua nini?" Kisha alimwinamia Chenesai, sauti chini. "Kopo langu la sukari limepungua. Vijiko vingapi?"

"Sita, Mama. Visizidi ukingo. Na chumvi nusu."

Ambuya alinyoosha mgongo, akamgeukia jirani, akafumba macho.

"Sukari vijiko sita," alisema. "Chumvi nusu. Mababu wamenionyesha ndotoni."