Mahali pa Majina Matatu

Shairi ambalo kundi letu lingekariri kwenye tamasha lilitungwa na Kaltuma, msichana wa kidato cha tatu aliyekimbia vita Sudan akaja kuishi na shangazi yake hapa Huruma. Lilitaja nchi tatu za kigeni zinazopeleka silaha kwao, na kila ubeti uliishia kwa swali: "Mnatafuta nini kwetu?"

Asubuhi ya tamasha, mwalimu mkuu aliniita. "Madam Nekoye, hayo majina ya nchi toa. Kutakuwa na wageni waheshimiwa."

Eti waheshimiwa! Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Wapi.

Kipkirui, kiongozi wa kundi, ndiye aliyepata dawa. "Madam, kila jina likifika, tupige mguu chini. Watajua tu tumenyamazishwa." Kaltuma mwenyewe alikubali. Nafasi ya kufanya mazoezi haikuwepo.

Jukwaa lilikuwa la mbao. Jina la kwanza lilipofika, viatu vyote vya shule vikashuka kwa pamoja, ukumbi ukatikisika. Kaltuma akajitupa kifudifudi, mikono kichwani, akitetemeka.

Watu wakasimama kushangilia. Jaji mmoja akapaza sauti, "Huyo binti anajua kuigiza!"

Nilikimbia jukwaani nikapiga magoti kando yake. Makofi yalimiminika kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kaltuma alinishika mkono bila kufungua macho.

"Madam, leo wako wengi," alininong'oneza. "Lala chini."

Nikalala. Makofi yakazidi.