Safu ya Ndama

"Ng'ombe mmoja, kilo themanini na sita kwa siku?" Mbuvi, meneja wa chama chetu cha maziwa hapa Mukurweini, alimgeuzia kompyuta Bibi Watiri, mkulima mzee ambaye sote twamwita Cucu. "Cucu, ati huchanganyi na ya majirani? Kesho hatupokei maziwa yako."

"Ng'ombe yangu ikitoa hizo, Mbuvi, utaisikia ikilia ukiwa Nyeri," Cucu alijibu. Lakini aliuweka chini mkebe wake wa maziwa.

Ripoti ile, ambayo husomwa mara moja kwa juma, niliiunda mimi, karani wa chama. Nikaifungua haraka. Jana asubuhi Cucu alileta kilo nane, jioni sita. Kompyuta haikujumlisha, iliibandika sita nyuma ya nane. Wakulima wote walikuwa hivyo, ila Cucu ndiye aliyefika mapema.

Nikakumbuka. Juma lililopita ng'ombe wake alipozaa, Cucu aliona haya kuandikiwa sifuri. Nikageuza safu za kilo ziwe za maandishi, nikamwandikia, "Ndama ananyonya." Tangu hapo kompyuta iliziona kilo zote kama maneno, na maneno hayajumlishwi.

Mimi huongea kwa shida mbele ya watu, lakini nilisimama. "Kosa ni langu, Bwana Mbuvi. Cucu hajadanganya."

Nikazirudisha safu ziwe za nambari. Jumla ikasoma kumi na nne. Mbuvi aliutazama mstari ule, kisha akambebea Cucu mkebe hadi kwenye mizani.

Cucu akainama karibu nami. "Na ndama wangu umemfuta?"

"Hapana, Cucu. Nimempa safu yake mwenyewe."